Aiskrimu ya Mwanakombo

Tangu apone homa, Mwanakombo hakusikia ladha ya kitu chochote, na chakula alikuwa amekikataa. Mumewe, Shekue, akaamua kumtengenezea aiskrimu ya chokoleti na matunda ya forosadi aliyoipenda zamani. Akalizungusha kopo la maziwa mazito na kakao ndani ya ndoo ya barafu na chumvi, ili yagande, mpaka mkono ukafa ganzi.

Mwanakombo akaonja, akakunja uso.

“Baba Tunu, hii aiskrimu au maji ya bahari?”

Shekue akachungulia kopo. Kweli, mfuniko ulikuwa umevujisha maji ya chumvi ndani.

“Umejuaje kama ina chumvi?” akauliza polepole.

Mkewe akachota kijiko kingine.

Viliharibika lita mbili za maziwa, kakao yote ya nyumbani na bakuli la forosadi.