Kilomita Elfu Kumi

"Umeniulia injini ya lori!" Bwana Lukumay alimfokea dereva wake, Shabani, mbele ya mafundi wote. "Lete funguo, kazi huna."

"Bosi, nilikukumbusha oili mara tatu."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Fundi Zena aliifungua kwenye usukani kadi ya kukumbusha oili ijayo, aliyoifunga hapo siku alipobadilisha oili. "Mimi niliandika kilomita elfu kumi. Nani kazifuta akaandika elfu thelathini?"

"Mimi!" alijibu Bwana Lukumay. "Hii injini ya dizeli ni ya kisasa, kitabu chake kinasema hivyo."

"Kitabu hakijawahi kubeba kokoto kwenye vumbi letu."

"Usinifundishe, mama! Shabani, funguo!"

Shabani aliziweka juu ya bampa. Chini ya lori, nati ya kumwagia oili ilikuwa imeshatolewa, lakini oili haikumwagika. Ilining'inia nzito kama lami, ikikataa kudondoka.