Marumaru ya Mwinjilisti

Bibi Asteria alimkuta Melkizedeki akipima mpungi, kile kichaka cha ukoo, kwa kamba ya katani.

"Shikamoo bibi. Hapa ndipo mabasi ya wageni yatakapogeuzia."

"Marahaba. Kichaka hiki ni cha wazee wetu, mwanangu. Msikiguse."

Melkizedeki alicheka. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya makaburi ya kale ya kijiji chao, huko milimani juu ya Gonja. Kamati ilikuwa na katibu, mhazini, posho za vikao na kila kitu isipokuwa jembe. Magugu yaliachiwa mbuzi, ambao hawakuwahi kudai posho. Wafadhili wa ng'ambo walituma fedha za kutunza makaburi yote. Kamati, kwa busara yake, ilitunza moja, lile linalopigwa picha.

Lilikuwa la Mwinjilisti Gideoni, babu yake Asteria. Maisha yake yote Gideoni alihubiri dhidi ya desturi ya kufukua vichwa vya wazee waliokufa na kuvihifadhi mpungini, chini ya mwamba. Ukoo ulimsikiliza kwa adabu, na alipofariki ukampa heshima zote. Sasa kamati nayo ilikuwa imempa zake: marumaru, uzio wa chuma, na bango kubwa lisemalo HAPA AMELALA ALIYELISHINDA GIZA.

"Babu yako angekuwa wa kwanza kushika panga," alisema Melkizedeki. "Mkristo mzima, unalilia mafuvu? Unamwaibisha."

"Basi tuachieni hata ule mwamba."

"Mwamba ndio unaozuia basi. Kama una vitu vyako mle, bibi, katoe kabla ya Jumamosi."

Asteria alipandwa na hasira. Alitaka kumtukana tusi la Kipare lililokamilika, akakumbuka kwamba juzi tu alishiriki meza ya Bwana. Akaondoka akifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Jumamosi mpungi haukuwepo tena, na mabasi kutoka Same yaligeuza vizuri sana. Wafadhili walilia kaburini. Kwaya iliimba, kisha Melkizedeki akahutubia kuhusu uwazi wa kamati yake mpaka watoto wakasinzia. Asteria, kwa kuwa ni mjukuu wa marehemu, aliketishwa mbele kabisa. Mapajani alipakata kikapu kilichofunikwa kanga.

"Umetuletea ndizi, bibi?" mwenyekiti alimnong'oneza alipokuwa akienda kuvuta kitambaa kilichofunika marumaru.

"Hapana, baba. Endelea tu, unafanya vizuri."

Kitambaa kilivutwa. Marumaru iling'aa, na watu wakapiga makofi na vigelegele.

Asteria aliinua pembe ya kanga, akainamia kikapu.

"Shikamoo babu," alisema taratibu. "Hebu ona nyumba waliyokujengea."