Mfuko wa Uzi wa Kijani

Bi Shemsa, fundi cherehani, alipita kati ya mifarishi ya viraka kwenye maonyesho, mdomo ameubinua. "Matambara haya! Hata paka wangu simtandikii."

Mfarishi wa mwisho aliugeuza nyuma kutafuta mshono uliopinda. Hakuuona. Alipourudisha, akakuta katikati mfuko wa shati la mumewe, shati ambalo mume alisema limepotea kwa dobi. Mfuko huo Shemsa aliushona mwenyewe kwa uzi wa kijani, wa buluu ulipomwishia.

"Mzuri, eeh?" alisema mwanamke aliyeushona mfarishi, akitabasamu. "Ila huo uzi wa kijani si wangu, dada. Nimeukuta kwenye shati. Ovyo kabisa, sijui alishona nani."

Kidole cha Bi Shemsa kilibaki juu ya uzi ule. Haukuwa umefumuka hata mahali pamoja.