Pilau Kizuizini

"Hii barua inasema kesho," alisema Muthamia, akaweka bunduki yake juu ya boneti ya lori. "Leo ni Jumatatu. Ruhusa yenu ni ya Jumanne. Geuzeni."

"Barua kaiandika Bwana Shauri, Mzungu wa serikali," Mwanarusi akamjibu kutoka kiti cha mbele. "Mwezi ni wa Mungu. Umeandama jana, basi Idd ni leo. Ulitaka tuushike miguu usubiri ruhusa?"

Kando yake Idrisi, mumewe, alikaza mikono kwenye usukani na kunong'ona astaghfirullahi. Idrisi alikuwa mchinjaji wa Majengo ya Embu, mtu mpole kupita kazi yake. Kila Idd alipakia familia kwenye lori lake la kubebea ngozi, wakapita Runyenjes na Chuka hadi Meru kwa mama yake Mwanarusi, wakale, watembee, walale huko. Hali ya Hatari ilipoingia majirani waliacha safari zao. Mwanarusi alikataa katakata. Hakuna Mzungu wa kumpangia siku ya kwenda kwao, alisema, na akitaka aje amwambie mwenyewe.

Mwaka ule wa hamsini na tano kizuizi kilikuwa kabla ya kufika Runyenjes. Kando yake kulikuwa na kijiji kipya, vile vijiji vya kusukumia watu ndani pamoja na mbuzi wao, kimezungukwa na handaki lililojaa miti iliyochongwa. Humo alikaa Wawira, aliyemuuzia Mwanarusi viazi vitamu tangu alipoolewa Embu, wote wakiwa wasichana bado, na aliyemkanda mgongo alipojifungua mtoto wa kwanza. Kijiji kilikuwa kimefungwa tangu juma lililopita. Eti kuna mtu alipeleka chakula msituni kwa Mau Mau, basi hakuna ruhusa ya mtu yeyote kwenda shamba. Habari zilikuwa zimefika Embu kwamba mtoto mdogo wa Wawira hanyanyui tena kichwa kwa njaa, na Mwanarusi hakuwa amelala vizuri tangu azisikie.

Homugadi wanne, vijana wa huku huku waliopewa bunduki na makoti, walilinda barabara na geti la kijiji pamoja. Muthamia ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Akarudia kwamba lori ligeuzwe.

"Sigeuki," alisema Mwanarusi. "Watoto wangu wamevaa nguo mpya. Mbuzi mzima yumo kwenye sufuria. Kama hatupiti, Idd tutailia hapa hapa, na wewe utakula na sisi."

Akateremka. Alimwamuru Idrisi alisogeze lori ili wapate kivuli, na Idrisi akalisimamisha katikati ya barabara na geti. Mkeka ukatandikwa. Mwanarusi akafunua sufuria, na harufu ya mdalasini na bizari ikawafikia vijana waliokuwa wakila mahindi na maharagwe ya baridi juma zima. Askari ni askari, lakini tumbo ni tumbo. Muthamia alisema wako kazini. Mwanarusi akamwambia kwamba anayekataa pilau ya Idd anailaani nyumba ya mwenye kupika, na yeye hajalaaniwa bado, wala hataki kuanza leo.

Kisha akapaza sauti, safari hii kwa Kiembu, sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya handaki.

"Na yule wa getini aje! Akibaki hata mmoja, chakula hakina baraka. Tena kwenye sinia langu hakuna kusimama, na bunduki haikaribii."

Bunduki ziliegemezwa kwenye tairi. Vijana wakaketi kulizunguka sinia, geti likiwa nyuma ya lori, na Mwanarusi akawamiminia maji ya kunawa. Kila aliyetaka kuinuka alirushiwa kipande kingine cha mbavu. Aliwatania, akawauliza habari za mama zao, akamsifu Muthamia kwa meno mazuri. Watoto wadogo walikula wakapaka mafuta nguo zao mpya. Muthamia, mdomo umejaa, aliuliza mbona wazee wenyewe hawali.

"Mwenyeji hula mwisho," alisema Mwanarusi. Idrisi alitazama kando, akameza mate.

Waliposhiba hadi kulegeza mikanda, Muthamia aliona haya, lakini sheria ikabaki ile ile: warudi kesho. Mwanarusi alimpa maneno yake. Alimwita kijana asiye na soni, anayekula Idd ya watu kisha akawafungia njia. Akakunja mkeka kwa hasira. Watoto walilia njia nzima hadi Embu, maana waliahidiwa Meru na hawakuiona.

Jioni hiyo moshi ulifuka kijijini, kila nyumba. Homugadi walipokuwa wakila, wanawake walivuka daraja la mbao wakateremka mashambani, wakarudi na viazi, ndizi na maharagwe mabichi ndani ya nguo zao, na hakuna aliyeshikwa. Wawira alimpondea mtoto wake kiazi, akamlisha kidogo kidogo kwa kidole mpaka akafumbua macho na kutaka tena. Wawira akalia kwa furaha. Aliwaambia majirani kwamba Mungu hamtupi mja wake: kama mwezi wa Waislamu usingewahi kuonekana, geti lisingeachwa wazi.

Mjini Embu jua lilizama, na muadhini wa Majengo akaadhini. Mwanarusi na Idrisi walifungua saumu kwa tende na maji, kisha wakatoka nje pamoja na majirani kutazama kama mwezi wa Idd umeandama.