Santuri za Baba Mkwe

Ubaid alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya udongo, kichwa chini ya kitanda cha mwanamke aliyemfahamu kwa dakika kumi tu, akivuta sanduku.

"Hapo hakuna," alisema Chepchumba, mwenye nyumba, akiwa mlangoni. "Ilibaki moja tu. Na hiyo nafunikianga maziwa."

Ubaid alichomoka na utando wa buibui nyweleni. Jikoni, juu ya sufuria, ilikuwa imetulia santuri nyeusi ya bendi fulani ya Bungoma ambayo wanamuziki wake walitawanyika kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa ameitafuta Kiminini nyumba hadi nyumba. Ameiulizia Kipsongo kwa wauza vitu vikuukuu. Kumbe iko hapa Saboti, inanuka maziwa!

"Nipe, mama. Nitakuletea kifuniko kipya."

"Viwili. Na uniambie, kijana mzima kama wewe unatafuta nini na kitu kama hii?"

"Natafuta mke."

Chepchumba alimtazama kutoka juu hadi chini. "Basi vitatu."

Wala Ubaid hakuwa anatania kuhusu mke. Ubaid alikuwa fundi wa simu mjini Kitale, na nyimbo zake zote zilikaa ndani ya simu, mfukoni. Lakini alimpenda Mulki, binti wa Mzee Alwi, fundi cherehani wa karibu na msikiti kule Bungoma. Na Mulki alikuwa amemwonya mapema.

"Baba haongei na mtu asiyejua santuri. Ukitaka kuniposa, jifunze. Hutaki, basi baki huko huko Kitale."

Akajifunza. Kwa miezi minane, kila Jumapili, alifunga kibanda chake akaenda kuketi sebuleni kwa Mzee Alwi, mbele ya gramafoni. Alijua sasa kushika santuri kwa kingo, kuipangusa kwa kitambaa laini, kutikisa kichwa pale gitaa linapoingia. Usiku aliota mikwaruzo.

Mzee Alwi, mtu wa kutunga uzi kwenye sindano bila miwani, hakuigusa gramafoni hata siku moja. Mulki ndiye aliyeiwasha, ndiye aliyegeuza upande.

"Mkono wa Baba unatetemeka," alimnong'oneza Ubaid. "Usimuulize, atajisikia vibaya."

Kisha alikaa karibu na mlango akimenya njugu, na wale wanaume wawili wakasikiliza, migongo imenyooka kama watu wanaosubiri kung'olewa meno. Mzee alifumba macho kuanzia sauti ya kwanza hadi ya mwisho. Ubaid aliamini kwamba hajapata kuona mapenzi ya muziki kama hayo.

"Umeipenda?" mzee aliuliza kila upande ulipoisha.

"Sana, Baba."

Mzee alishusha pumzi ndefu. "Haya. Tuwekewe nyingine."

Jumapili aliyofika na ile santuri ya Saboti, Mulki aliinyakua kabla haijatoka vizuri mkobani. Aliinusa, akaigeuza, akapiga kigelegele kidogo. "Baba! Ona Ubaid amekuletea nini!"

Mzee Alwi aliipokea kwa vidole viwili. "Mashallah," akasema taratibu. "Hii ina nyimbo ngapi?"

"Kumi na mbili, Baba," alijibu Ubaid kwa fahari.

Mzee alimrudishia Mulki santuri. Kisha akamshika Ubaid bega.

"Mwanangu, lete wazee wako. Wiki hii hii. Tusikawie."

Nikaha ilifungwa mwezi uliofuata. Siku ya kumpeleka bibi harusi Kitale, pikapu ilisimama mbele ya nyumba, na Ubaid akaaga kila mtu kwa tabasamu la mfungwa aliyemaliza kifungo. Amepata mke. Na Jumapili zake zimerudi.

Hapo ndipo alipomwona Mzee Alwi akitoka mbio, kasha la santuri kichwani, kanzu imelowa jasho, uso unang'aa kwa furaha. Makasha manne mengine yalikuwa tayari yamepangwa nyuma ya pikapu.

"Baba, hapana!" Ubaid alimkimbilia. "Siwezi kukunyang'anya starehe yako!"

Mzee alitua kasha chini. "Starehe yangu? Si yako? Miezi minane nimekaa na hiyo mikwaruzo, mgongo unaniuma, kwa sababu niliambiwa nikikunyima santuri hutarudi tena hapa!"

"Uliambiwa na nani?"

Mbele ya pikapu, Mulki alikuwa ameshapanda, amepakata gramafoni, anamwelekeza dereva.

"Kwa matuta uende polepole, bana," alisema. "Hizo nimezikusanya tangu kidato cha pili."