Mahari ya Noti za Mjerumani

Haya, nikutegee: amekufa bila kuugua, kazikwa sandukuni, na bado watu wanampigia magoti. Umeshindwa? Nipe mji nikuambie. Ni noti za rupia za Mjerumani.

Hizo ndizo zilizokuwa mahari ya Verdiana wa Kamachumu, na hazikukaa sana Mwingereza akazikataa. Sasa mumewe kapiga magoti mbele ya baba mkwe, kavaa kanzu mpya, kaleta na sukari.

“Nirudishie, baba. Yuko Mzungu Bukoba anakusanya noti za zamani. Analipa vizuri.”

“Nani anunue maiti?” Verdiana akadakia. Mwanamume huyu hakuwahi kuleta hata chumvi kwa wakwe. Na nani asiyejua kwamba mahari ikirudi, mke naye amerudi kwao?

Mzee akafungua sanduku, akatoa kitambaa cha gome na kukikunjua. Noti zilikuwa za karatasi ngumu ya kahawia, pembe zimeliwa na mende, sahihi za wino bado nyeusi. Tone la jasho la mume likaangukia moja. Akalifuta kwa ncha ya kidole, kwa upole ambao mkewe hakuwahi kuuonja.

“Mwanangu,” mzee akauliza, “nimpe?”

Verdiana alimtazama mumewe, na mumewe alizitazama noti.

“Tutanunua baiskeli, mke wangu,” mume alisema, bila kuinua macho.

“Verdiana, nimpe?”

“Mpe, tata, baba yangu. Kisha mwambie mama anitandikie nyasi za kulalia. Nimerudi.”