Mahali Mama Asipofika

Kabla ya kufunga sanduku la mwisho, Trevor aliinua makoti yote akachungulia chini yake.

"Unatafuta nini?" mkewe, Makena, akamwuliza.

"Mama. Nahakikisha hajajificha humu."

Wakacheka mpaka wakaketi sakafuni.

Walikuwa na haki ya kucheka. Walipofunga ndoa kule Louisville, Marekani, Mama Milcah, mamake Trevor, aliishi mtaa wa pili, na kila asubuhi aliingia kwa ufunguo wake mwenyewe kuonja chai kama imeiva. Makena alipopata kazi katika mji mwingine, Columbus, walimshukuru Mungu kimyakimya. Hawajamaliza hata kufungua maboksi, kengele ya mlango ikalia: Mama, na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, na habari njema kwamba amepata nyumba kwenye jengo lilo hilo. Wakahamia Buffalo, Trevor akiapa kwamba baridi ya huko itamshinda Mama. Theluji ya kwanza ilimkuta Mama keshafika Riverside, mtaa wao mpya, amevaa koti la zambarau, anawaambia majirani kwamba wanashika koleo vibaya.

Makena hakumchukia. Nani angemchukia mtu anayekukanda miguu ukiugua? Lakini alitamani siku moja atie chumvi kwenye mboga yake bila mkono mwingine kuingia sufuriani.

Ndipo ikaja ile kazi. Kituo cha utafiti huko Antaktika, kinachoendeshwa kwa upepo na jua tu, kilitaka fundi wa mitambo ya upepo, na huyo ni Makena. Kikataka na fundi wa sola na betri, na huyo ni Trevor. Mwaka mzima. Hakuna barabara ya kwenda huko, hakuna nyumba ya kupanga. Walipopata jibu walicheza jikoni na soksi zao mpaka jirani wa chini akagonga dari.

Ikabaki kumwambia Mama.

"Mwaka mzima?" Mama akauliza, akiweka kikombe chini.

"Mwaka mzima, Mama."

"Na hamwezi kurudi katikati?"

"Majira ya baridi yakianza, ndege hazitui tena."

Mama akageukia dirishani, akajifunika uso kwa leso. Mabega yakamtetemeka. Trevor akamkumbatia, naye machozi yakimlengalenga.

"Nendeni, wanangu," sauti ikatoka kwa shida nyuma ya leso. "Msinifikirie mimi."

Mzee Ferdinandi, Mrundi mpole aliyeimba besi katika kwaya ya kanisa lao, ndiye aliyewapeleka uwanja wa ndege. Mama alikaa mbele, kando yake. Hakushuka, alisema magoti yanamuuma. Walipogeuka mlangoni kumpungia mkono, gari lilikuwa limekwisha kuondoka.

"Hakutaka tumwone akilia," Makena akasema.

Walipanda ndege, wakapanda nyingine, na ya mwisho ikatua kwenye barafu kwa miguu ya kuteleza. Kituo kilisimama juu ya jabali kama meza ya chuma. Mapanga ya mitambo yalizunguka yakivuma, paneli zilimeremeta chini ya jua lisilozama. Upepo ukamsukuma Makena akaanguka matakoni, akabaki papo hapo akicheka kama mlevi. Chumbani walifunga mlango, wakaufungua, wakaufunga tena, kwa raha tu ya kujua kwamba hakuna atakayeingia. Jioni Makena alitia chumvi kwenye supu yake, akafumba macho.

Kompyuta ndiyo iliyogawa umeme hapo. Kwanza ilihudumia mtambo wa kuyeyusha theluji, kisha vipimo vya wanasayansi, kisha jiko. Kuongea na nyumbani kulikuja mwisho kabisa, upepo ukizidi na betri zikijaa.

Mara ya kwanza upepo ulipozidi, walimpigia Mama. Hakupokea. Mara ya pili, hakupokea. Mara ya tatu simu iliita mpaka ikakatika, na Trevor akaacha chakula chake mezani.

"Amekaa peke yake, anatazama ukuta," akasema. "Makena, tumemuua mama yangu."

Makena alitaka kumcheka, akashindwa. Tangu juzi alikuwa akijikuta ametega sikio, akingoja ufunguo uzunguke mlangoni. Supu yake ilikuwa na chumvi ya kutosha na haikuwa na ladha. Wakaenda kwa mkuu wa kituo kuomba nafasi katika ndege ya mwisho kabla ya majira ya baridi. Mkuu aliwatazama, akaona kweli wameumia, akakubali.

Siku iliyofuata upepo ulivuma kana kwamba unataka kung'oa jabali. Betri zikajaa pomoni. Mkuu akawapa skrini kubwa ya ukumbi wa chakula, na wenzao wote wakasogea kuona mama mpweke akipewa furaha yake.

Simu ikapokelewa. Picha ikayumba, vigelegele vikajaa ukumbini, uso wa mwanakwaya mmoja ukapita, kisha akatokea Mama. Alikuwa amevaa gauni jeupe na shela. Kando yake alisimama Mzee Ferdinandi, ndani ya suti, ua kifuani, amemshika mkono.

Trevor alikuwa ameyarudia maneno yake usiku kucha, na mdomo haukungoja macho yaelewe.

"Mama, usilie tena! Tunarudi nyumbani!"

Tabasamu likatoweka usoni mwa Mama Milcah. Akamgeukia bwana harusi wake.

"Ferdi," akamnong'oneza, "watoto wanatufuata. Funga mizigo, tunahama."